Karani wa Tanga Mbele ya Wakubwa wa London

Siku hizi hakuna mtoto wa shule asiyejua maana ya mbunge. Humwona akifika jimboni, humsikia redioni akiuliza habari ya zahanati isiyo na dawa, ya barabara iliyokatika, ya bei ya mazao, naye hudhani ya kwamba hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa tangu kale. Walakini zilikuwako siku ambazo Mwafrika wa nchi hii hakuwa na mahali popote pa kuyasema hayo. Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilifunguliwa mwaka 1926, na kwa muda wa miaka 19 halikuwa na Mwafrika hata mmoja ndani yake. Katika miaka hiyo ya kimya, mtu mmoja wa Tanga, karani kwa kazi na Mbondei kwa kabila, alivuka bahari akaketi mbele ya wakubwa wa Bunge la Uingereza, akaulizwa, akajibu. Jina lake ni Martin Kayamba. Twapenda kuyaeleza maisha yake hapa, kwa kuwa twaona vijana wengi, hata wa Tanga kwenyewe, hulisikia jina hilo kana kwamba ni la mgeni.

Alizaliwa tarehe 2 Februari 1891, si Tanga bali Unguja, katika kijiji cha Mbweni, mahali ambapo misheni ya Kianglikana iitwayo UMCA iliwakalisha watu waliookolewa utumwani. Hata hivyo wazazi wake hawakuwa katika hao waliookolewa. Kwa upande wa baba, Kayamba alikuwa wa ukoo wa Kimweri za Nyumbai, yule mfalme Mkilindi aliyetawala toka Vuga, milimani Usambara, na ambaye neno lake lilisikiwa mpaka pwani. Kimweri alifariki mwaka 1862, na baada yake watoto na wajukuu wake waligombana wao kwa wao. Bunduki zikaingia, biashara ya watumwa ikakua kwa sababu ya vita, na Wabondei, waliochoshwa na Wakilindi waliowatawala, wakaasi. Msukosuko huo wazee wa Bonde huuita Kiva. Wakilindi wengi waliokuwa Bonde waliuawa, na waliosalia wakakimbia.

Tumeyataja haya kwa sababu yanatueleza jambo moja juu ya Kayamba. Alizaliwa katika nyumba iliyokuwa na jina kubwa na haikuwa na kiti. Enzi ya babu zake ilikuwa imekwisha vunjika kabla hajazaliwa, na mlango uliobaki kwa watu kama wao ulikuwa mlango wa shule. Baba yake, Hugh Peter Kayamba, aliingia mlango huo mapema: alisoma Kiungani, chuo cha misheni huko Unguja, akapelekwa Uingereza kuendelea na masomo, kisha akarudi kuwa mwalimu. Mtoto naye akapewa jina refu la kizungu, Hugh Martin Thackeray, akafuata njia ile ile, akasoma katika shule za misheni mpaka Kiungani. Yeye mwenyewe katika maandishi yake alilitia pia jina la kwao, Mdumi.

Alipotoka shuleni hakutulia mahali pamoja. Alifanya kazi ya ukarani katika nchi ya Kenya na ya Uganda, akarudi Unguja, akajaribu biashara. Msomaji asidhani ya kwamba huo ulikuwa utovu wa msimamo. Kijana wa pwani aliyejua kusoma, kuandika na kusema Kiingereza kabla ya mwaka 1914 alikuwa kama fundi aliye peke yake mjini: kila ofisi ilimtaka, wala hapakuwa na ofisi iliyompa cheo. Juu yake siku zote palikuwa na Mzungu, na kati yake na Mzungu palikuwa na Mhindi au Mgoa. Katika safari hizo Kayamba aliyaona mambo mawili ambayo yangemfaa baadaye. Aliona jinsi Waafrika wa Kenya walivyoishi chini ya walowezi, na akajifunza kuzipima Serikali mbalimbali kwa macho yake, si kwa kusimuliwa.

Vita ya mwaka 1914 ilimkuta katika nchi ya Wajerumani. Novemba mwaka huo jeshi la Waingereza na Wahindi lilishuka Tanga likashindwa vibaya na askari wachache wa von Lettow-Vorbeck, na tangu hapo kila mtu aliyesoma kwa Waingereza alitazamwa kama mpelelezi. Walimu wa UMCA walikamatwa, wakapelekwa bara chini ya ulinzi, wakafanyishwa kazi nzito, na wengine wakafa. Kayamba alikuwa miongoni mwa waliofungwa. Alikaa kifungoni mpaka nguvu za Wajerumani zilipovunjika katika sehemu hizo mwaka 1916, Waingereza wakishuka kutoka kaskazini na Wabelgiji wakiingia Tabora mwezi wa Septemba.

Hapo gurudumu likageuka. Mtawala mpya wa Tanga alisema Kiingereza, na watu waliokijua Kiingereza walikuwa ndio hao hao waliotoka kifungoni. Kwa muda wa miaka zaidi ya ishirini Tanga ilikuwa mji wa wasomi wa shule ya Serikali ya Kijerumani, shule ya kwanza ya aina yake katika nchi yote, na gazeti la Kiongozi la zamani lilikuwa likichapishwa pale pale tangu mwaka 1904. Wasomi hao hawakupungukiwa akili, ila lugha ya mabwana wao ilikuwa imeondoka pamoja na mabwana. Kayamba akaingizwa katika ofisi ya utawala ya Tanga. Mnamo mwaka 1923 akafanywa karani mkuu, na ofisi ya wilaya ikakabidhiwa makarani Waafrika watupu. Leo jambo hilo halishangazi mtu. Wakati ule lilikuwa jaribio, na waliolitazamia lishindwe hawakuwa wachache. Hesabu za kodi, barua, kesi, vibali, yote yalipita mikononi mwa watu wale, na ofisi haikuanguka.

Lakini kazi iliyolifanya jina lake lidumu ilianza mwaka mmoja kabla ya hapo. Mwaka 1922 Kayamba na wenzake waliunda Tanga chama cha watumishi Waafrika wa Serikali katika Tanganyika, ambacho kwa Kiingereza kilifupishwa TTACSA. Tungependa msomaji asimame kidogo hapa, kwani mambo ya namna hii huelezwa kwa mstari mmoja katika vitabu, na mstari mmoja hautoshi.

Fikiri juu ya karani au mwalimu wa Serikali wa siku zile. Serikali humhamisha kama atakavyohamisha meza. Leo yuko Tanga, mwakani yuko Kigoma. Huko hana shangazi wala mjomba, hana shamba, hana jirani wa kwao. Akiugua hana wa kumchemshia uji. Akifa, ni nani atakayemzika, na ni nani atakayempelekea mjane wake habari? Mshahara wake ni mdogo kuliko wa Mhindi aketiye meza ya pili, ingawa daftari ni moja. Na jioni kazi ikiisha, hana pa kwenda: kilabu cha Wazungu hakimhusu, cha Wahindi hakimhusu, na kilabu cha pombe kitamla mshahara wote. Chama cha Kayamba kiliundwa kwa ajili ya mtu huyo. Kilikuwa mahali pa kukutana na pa kusoma magazeti, kilikuwa na mpira, kilikuwa na masomo, na juu ya yote kilikuwa na mdomo mmoja wa kuisemesha Serikali juu ya maslahi ya watumishi.

Na humo ndani walikaa Waislamu na Wakristo pamoja, Wabondei na Wasambaa na Wazigua, watu wa Unguja na watu wa Nyasa. Hilo ndilo tuliloliona kuwa la ajabu kupita yote. Tanga ya mwaka 1922 ilikuwa mji wa vyama vingi, vya ngoma na beni, vya makabila na mitaa, na kila kimoja kilikuwa na mlango wake na watu wake. Hiki cha Kayamba kiliuliza swali moja tu: je, wewe ni Mwafrika mtumishi wa Serikali? Mtu aliyelelewa Kiungani angeweza kwa urahisi kuunda kundi la waliolelewa Kiungani, nalo lingekuwa na amani na maneno machache. Yeye hakufanya hivyo. Sisi Wakatoliki, ambao tumekuwa na vyama vyetu na shule zetu na magazeti yetu, tunaweza kulitafakari jambo hili la ndugu Mwanglikana bila haya yoyote.

Tusimpambe kupita kiasi, hata hivyo. Chama kilikuwa cha watumishi wa Serikali, na neno hilo lilifunga mlango kwa wengi. Tanga haikuishi kwa makarani. Iliishi kwa mkonge. Mwaka 1893 mtaalamu wa Kijerumani, Hindorf, alipata miche 62 tu iliyosalia hai katika elfu moja aliyoagiza kutoka Florida, akaipanda karibu na Pangani, na kutoka hiyo 62 mashamba yakaenea mpaka yakafuata reli yote ya Tanga kwenda Korogwe na kupita. Kazi yake ilifanywa na manamba, watu walioandikishwa mbali, Wanyamwezi, Waha, Wangoni, Wabena na wengine hata wa nje ya mipaka, waliokuja kwa miguu au kwa magari ya wakala, wakakata majani ya miiba kwa kadi ya kipande cha siku 30. Hao ndio waliougua zaidi kambini, na hao ndio waliozikwa mbali zaidi na kwao. Kwa miaka michache, tangu 1926, palikuwa na Idara ya Kazi iliyotazama hali ya vibarua, chini ya Orde Browne; mwaka 1931 Serikali iliifuta ili kupunguza matumizi, kwa kuwa bei ya mkonge ilikuwa imeanguka na hazina ilikuwa tupu. Manamba hakuwa na chama, wala karani hakuwa msemaji wake. Wapagazi wa bandari ya Tanga walipogoma mwaka 1939, waligoma wenyewe.

Twayasema haya si kumhukumu Kayamba kwa mizani ya siku zetu. Twayasema kwa sababu mwaka ule ule wa 1931, Idara ya Kazi ilipokuwa inafungwa, yeye alikuwa safarini kwenda kusema kwa ajili ya Waafrika wote wa Tanganyika, wa ofisini na wa shambani. Na ni haki kuuliza alipata wapi idhini hiyo.

Jibu ni kwamba aliipata kwa Serikali. Mambo yalikuwa hivi. Tangu vita ilipokwisha, palikuwa na watu London na Nairobi waliotaka kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika chini ya utawala mmoja. Maneno yao yalikuwa mazuri: reli moja, posta moja, forodha moja, gharama ndogo. Wafanyabiashara wengi waliyapenda. Lakini nyuma ya reli na posta palikuwa na swali lingine, yaani nani atakuwa bwana wa muungano huo. Na walowezi wa Kenya hawakuficha ya kuwa walitazamia kuwa wao. Gavana wa Tanganyika, Sir Donald Cameron, aliupinga mpango huo kwa nguvu. Tume ikaja mwaka 1928 chini ya Hilton Young, ikaandika taarifa, wakubwa wakabishana, na mwisho Bunge la Uingereza likaunda kamati moja ya wajumbe wa Mabaraza yake yote mawili ili kulichunguza jambo hilo lote. Kamati ikaamua kuwasikia Waafrika wenyewe. Hilo lilikuwa jipya.

Kenya ikapeleka watu watatu, mmoja wao akiwa Chifu Koinange wa Kiambu. Uganda ikapeleka wake, akiwamo Serwano Kulubya wa Buganda. Tanganyika nayo ikapeleka watatu: Chifu Makwaia wa Usukuma, Francis Xavier Lwamugira wa Bukoba, ambaye jina lake la ubatizo linatutosha kumtambulisha kwa wasomaji wetu, na Martin Kayamba wa Tanga. Hakuna kura iliyopigwa. Serikali ndiyo iliyowataja, na afisa wa Serikali, Philip Mitchell, aliwasindikiza. Msomaji mwenye shaka atasema ya kwamba mtu aliyetajwa na Serikali ataisemea Serikali. Shaka hiyo ni ya haki, nasi tuliishika mpaka tulipolitazama jambo lenyewe walilolisema.

Walisema hawautaki muungano. Walieleza ya kwamba watu wao waliogopa kupokonywa ardhi kama ilivyotokea kwa ndugu zao wa Kenya, na waliogopa kipande. Si ile kadi ya siku za kazi ya mashamba ya Tanga, bali cheti cha Kenya chenye alama za vidole ambacho mwanamume Mwafrika alilazimishwa kukichukua kila aendako. Tanganyika ilikuwa nchi iliyowekwa chini ya ulinzi wa Shirikisho la Mataifa, na Waingereza waliishika kwa amana tu. Wajumbe wale hawakutaka amana hiyo ichanganywe na mali ya walowezi. Katika jambo hili maneno yao yalipatana na nia ya Serikali ya Dar es Salaam, ni kweli. Lakini yalipatana pia na nia ya kila mkulima mwenye shamba la migomba Bukoba na kila mchungaji wa Shinyanga. Mtu aweza kutajwa na mkubwa, na bado akasema lile ambalo mdogo angelisema kama angaliulizwa. Twadhani hapo ndipo ilipo sifa ya Kayamba, na pia mpaka wa sifa yake.

Tumtazame basi katika jumba lile kando ya mto Thames. Ni mtu wa miaka 40, mjukuu wa ukoo uliopoteza enzi, mfungwa wa zamani, karani wa wilaya. Mbele yake wamekaa mabwana wenye majina makubwa, wengine wakiwa wametawala nchi, wengine wakiwa na marafiki wenye mashamba Kenya. Kiingereza chake kilikuwa kizuri, na hilo lilimsaidia kuliko tunavyoweza kufikiri, kwani swali la Mwingereza mkubwa mara nyingi huwa na mtego ndani ya adabu, na mkalimani hutafsiri adabu akauacha mtego.

Jumba lile lilikuwa limekwisha kuona wageni wengine wakija kudai wasikilizwe. Kwa muda mrefu Wakatoliki walifungiwa mlango wake kwa kiapo ambacho dhamiri zao hazikuweza kukiapa. Mwaka 1828 wapigakura wa Clare katika Ireland walimchagua Daniel O'Connell, Mkatoliki, huku wakijua ya kuwa sheria haimruhusu kuketi. Mwaka uliofuata sheria ikabadilishwa, na Wakatoliki wakaingia. Watu wa Ireland walisema ndani ya Bunge lile karibu karne nzima juu ya njaa, kodi ya ardhi, magonjwa na biashara ya nchi yao. Tofauti ni kubwa kati ya O'Connell na Kayamba, wala hatutaki kuificha: O'Connell alikuwa na maelfu nyuma yake waliomchagua, na Kayamba alikuwa na barua ya Serikali. O'Connell aliingia kuketi. Kayamba aliingia kuulizwa, kisha akatoka.

Hata hivyo kamati ilisikia. Taarifa yake ya mwaka huo huo wa 1931 ilisema ya kwamba wakati wa kuziunganisha nchi hizi haujafika. Hatuwezi kudai kuwa ni Waafrika peke yao walioleta uamuzi huo. Fedha zilikuwa haba dunia nzima, Wahindi nao walipinga, na maofisa wengi hawakuutaka. Lakini wajumbe wa Afrika ya Mashariki walikuwa wamesema jambo moja kutoka nchi tatu, na lilikuwa limeandikwa katika kumbukumbu za Bunge ambapo haliwezi kufutwa. Reli, posta na forodha za pamoja zilikuja kupata chombo chao mwaka 1948, na kwa wakati ule Tanganyika ilikuwa imekwisha kuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, ikawa na Gavana wake, na ardhi yake haikuwa imefuata njia ya nyanda za juu za Kenya. Mjukuu wa mkulima anayelima shamba la babu yake leo huko Lushoto au Muheza hana haja ya kumjua Kayamba ili alime. Lakini ni vema ajue.

Kayamba alirudi akaandika. Kijitabu chake cha Kiswahili juu ya safari hiyo, Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza, kilichapishwa mwaka 1932, na maisha yake aliyoyaandika mwenyewe kwa Kiingereza yalitiwa katika kitabu cha Margery Perham cha mwaka 1936 kilichokusanya habari za Waafrika kumi. Kabla ya safari, mwaka 1929, alikuwa amewekwa katika kamati ya kuishauri Serikali juu ya elimu ya Waafrika, na mfalme wa Uingereza alimpa nishani ya MBE. Mwaka 1932 akaitwa Dar es Salaam kuwa Msaidizi wa Katibu katika ofisi kuu ya Serikali, cheo ambacho hakuna Mwafrika wa Tanganyika aliyekuwa amekipata.

Watu walifurahi. Tanga ilifurahi. Na sisi tuitazamapo habari hii kwa mbali twaona huzuni fulani ndani ya furaha hiyo. Huko Tanga alikuwa karani mwenye ofisi nzima mikononi mwake, na jioni alikuwa kiongozi wa chama alichokiunda mwenyewe, akizungukwa na watu waliomwita kwa jina. Dar es Salaam alikuwa na meza, na cheo, na upweke. Alikuwa peke yake katika daraja lake. Hakuwa na mwenzake wa rangi yake wa kushauriana naye juu ya faili, wala walio chini hawakuweza tena kumwona kama mmoja wao. Hakuna Mwafrika mwingine aliyewekwa haraka nyuma yake ili njia ipanuke. Mlango ulikuwa umefunguliwa kiasi cha kupita mtu mmoja, ukarudishwa.

Lakini mbegu ya Tanga haikumngojea. Chama cha watumishi kilikuwa kimekwisha kuwa na matawi nje ya Tanga, na makarani na walimu waliohamishwa huku na huku waliichukua desturi yake ya kukutana, kuandika na kudai. Mwaka 1929 watu wa namna hiyo hiyo waliunda Dar es Salaam Chama cha Waafrika, safari hii bila kumwuliza mtu kama ni mtumishi wa Serikali. Mlango ambao Kayamba aliuacha mwembamba, wenzake waliupanua. Chama hicho kilipita katika vipindi vya usingizi na vya kuamka, kikaitwa TAA, na tarehe 7 Julai 1954 kikawa TANU. Tunalisikia mara nyingi neno kwamba siasa ya nchi hii ilianzia Dar es Salaam. Wazee wa Tanga wakilisikia hutabasamu tu.

Manamba nao mwishowe walipata sauti. Katika miaka ya 1950 wafanyakazi wa mkonge waliunda chama chao cha wafanyakazi, na mwaka 1958 mgomo wa shamba la Mazinde ulitikisa mkoa mzima. Madai yao yalikuwa mshahara, chakula, nyumba, matibabu, na heshima ya kuongea na bwana shamba kwa njia ya mtu waliyemchagua wenyewe. Wale waliodhani kwamba kibarua wa kata hawezi kukaa mezani na kujadiliana waligundua ya kwamba aweza. Hayo yote karani wa mwaka 1922 hakuyafanya. Lakini fikira kwamba Mwafrika wa kazi ya kijungujiko aungane na mwenzake wa dini nyingine na kabila jingine, wawe na daftari, na karani, na mweka hazina, na barua kwa wakubwa, ilikuwa imekwisha kujaribiwa katika mji ule ule, na ikafaulu.

Kayamba hakuishi kuyaona. Alifariki kabla hajatimiza miaka 50. Desemba 1945 Waafrika wawili wa kwanza waliingia katika Baraza la Kutunga Sheria. Mmoja alikuwa Abdiel Shangali wa Machame. Wa pili alikuwa Kidaha Makwaia, mtoto wa yule Chifu Makwaia aliyesafiri na Kayamba mwaka 1931. Na miaka mitatu baadaye, mwaka 1948, vitabu viwili ambavyo Kayamba alikuwa ameviandika kwa Kiingereza, kimoja juu ya matatizo ya Waafrika na kimoja juu ya yale aliyoyaona Ulaya, vilitoka mitamboni London.